Gundi kwa Mbao Zilizokoza Rangi: Namna ya Kuichagua na Kuitumia

Fundi anayetoka kwenye mbao nyeupe kama msonobari na kuanza kazi ya mpingo, wenge, mjozi, msaji au mkangazi hugundua upesi kwamba gundi ile ile aliyoizoea sasa inamwumbua. Kiungo ambacho kwenye msonobari kisingeonekana kabisa huacha mstari wa rangi ya maziwa, na tone lililofutwa ovyo hujitokeza kama doa siku ya kupaka vanishi, wakati ambapo kuliondoa kunataka sehemu nzima ipigwe msasa upya. Wengi hukimbilia kutafuta gundi nyeusi. Gundi yenye rangi inasaidia, na nitaieleza kwa kirefu, lakini haitibu chanzo: mstari unaoonekana ni mstari mnene, na mstari mnene hutokana na mbao ambazo hazikukutana sawasawa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kiungo chenyewe kabla ya kufika kwenye chupa ya gundi.

Hatua ya 1: Hakikisha mbao zinakutana

Gundi za maji, yaani ile nyeupe ya kawaida na ile ya manjano ya seremala, hufanya kazi vizuri zikiwa utando mwembamba sana, usiozidi sehemu ya kumi ya milimita, ambao ni unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Utando ukiwa mwembamba hivyo, hata gundi isiyo na rangi maalumu hupotea kati ya mbao mbili za mjozi. Ukizidi hapo, maji yanapoondoka gundi husinyaa, huacha vitundu vidogo ndani ya kiungo, na kinachobaki hung'aa au hupauka kikilinganishwa na mbao za pande zote mbili. Kiungo cha namna hiyo kina kasoro mbili kwa pamoja, kwa kuwa kinaonekana na pia ni dhaifu.

Unganisha vipande vyako vikiwa vikavu, bila gundi, na uvibane kwa mkono tu. Shika kiungo mbele ya taa na utazame upande wa pili: mahali mwanga unapopenya ndipo mstari utakapoonekana. Kisha jaribu kupenyeza ukanda mwembamba wa karatasi kwenye mshono, na ukipita popote, rudi kwenye randa. Usijifariji kwamba jiliwa, yaani kibanio cha seremala, litavuta mbao zikutane, kwa sababu mbao nyingi zilizokoza rangi ni ngumu na hazikubali kupindishwa. Hata zikikubali, zitabaki zikivutana na gundi kwa maisha yote ya kifaa. Kasoro pekee ninayoiruhusu kwa makusudi ni kwenye mbao ndefu zinazounganishwa ubavu kwa ubavu, ambapo unaweza kupitisha randa kwa wepesi mara moja au mbili katikati ya ubavu ili ncha zigusane kwanza na jiliwa la katikati limalizie kufunga.

Uso unaogundishwa uwe umepigwa randa au msasa siku hiyo hiyo. Chombo butu huponda na kuchoma uso, nao hung'aa na kukataa gundi. Jaribio lake ni rahisi: dondosha tone dogo la maji juu ya uso. Likitandaa na kuanza kunywewa ndani ya dakika moja hivi, uso uko tayari. Likisimama kama ushanga, uso umefungwa, ama na chombo butu ama na mafuta ya mti wenyewe. Hakikisha pia kwamba vipande vyote vina unyevu unaokaribiana. Kwa samani za ndani, kati ya asilimia 8 na 12 ni kiwango kinachofaa katika mazingira mengi.

Hatua ya 2: Ujue mti ulio nao

Mbao zilizokoza rangi hazifanani kitabia. Mjozi na mkangazi hugundika kwa urahisi karibu na gundi yoyote. Mpingo na msaji, pamoja na jamaa wengi wa mpingo, wana mafuta na utomvu wa asili ambao hupanda polepole hadi kwenye uso uliokatwa na kuzuia gundi za maji zisiingie kwenye nyuzi. Tiba iliyo bora kuliko zote ni uso mpya: piga randa, kisha gundisha ndani ya saa moja au mbili, kabla mafuta hayajarudi. Mafundi wengi huongeza kufuta uso kwa kitambaa safi kilicholoweshwa asetoni, wakibadilisha kitambaa hadi kisiokote rangi tena, na kugundisha mara asetoni inapokauka. Ukifanya hivyo, fungua madirisha na uondoe moto wote karibu, kwani mvuke wake huwaka kwa kasi. Usifute halafu ukaenda kula. Muda ukipita, asetoni inaweza kuwa imekuvutia mafuta mengine kutoka ndani.

Jambo la pili la kutazama ni vitundu. Wenge, mjozi na mninga vina vitundu vinavyoonekana kwa macho, kama mikwaruzo mifupi inayofuata nyuzi. Humo ndimo gundi iliyoyeyushwa na maji hukimbilia na kukaukia, na kesho yake utaona nukta nyeupe zilizotapakaa pande zote za kiungo. Mpingo hauna shida hiyo kwa kiwango kikubwa, kwa kuwa vitundu vyake ni vidogo mno.

Jambo la tatu husahauliwa hata na wazoefu. Mbao hubadilika rangi kwa mwanga na hewa, ilhali gundi yenye rangi hubaki ilivyo. Mjozi hupauka kadiri miaka inavyokwenda, na mkangazi hukoza. Mbao ya mti uitwao padauk, ambayo leo ni nyekundu ya moto, itakuwa kahawia. Ukichagua rangi ya gundi kwa kuilinganisha na ubao uliopasuliwa jana, unailinganisha na rangi ambayo haitakuwepo. Weka kipande cha jaribio dirishani kwenye jua kwa wiki kadhaa ukiwa na nafasi, au tazama kifaa cha zamani cha mti huo huo.

Hatua ya 3: Chagua aina ya gundi

Kwa kazi nyingi za ndani za mjozi, mkangazi au wenge, gundi ya manjano ya seremala inatosha, na ndiyo ninayopendekeza kuanza nayo. Hukauka ikiwa na rangi ya asali hafifu, hubana kwa nguvu kupita mbao zenyewe endapo kiungo ni kizuri, na husafishika kwa maji kabla ya kukauka. Baadhi ya watengenezaji huuza aina yake yenye rangi ya kahawia iliyokwishatiwa kiwandani kwa ajili ya mbao hizi. Nguvu yake ni ile ile, na ni chaguo jema kwa asiyetaka kuchanganya mwenyewe. Gundi nyeupe nayo inafaa, na humpa fundi muda zaidi wa kupanga vipande. Gundi hizi zote mbili zina kiwango cha chini cha joto, kwa kawaida karibu na nyuzi 10 za Selsiasi, kinachoandikwa kwenye chupa. Zikitumika kwenye baridi zaidi ya hapo, au kwenye ubao uliolala mahali pa baridi, hukauka zikiwa kama chokaa: nyeupe, za unga, na zisizo na nguvu. Kwenye mbao nyeupe kosa hilo laweza kujificha, ila kwenye wenge litaonekana kutoka mlangoni.

Chupa nyingi hubeba alama ya kiwango cha Ulaya EN 204, kuanzia D1 hadi D4, inayoeleza uwezo wa kuhimili maji. D3 inatosha kwa jikoni na bafuni, na D4 ni kwa vitu vya nje ambavyo vitapakwa kinga juu yake. Alama hii haihusiani na rangi wala na mbao zenye mafuta, kwa hiyo usidhani kwamba D4 itashika mpingo vizuri zaidi.

Epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili, gundi yenyewe na kigumishi chake, ndiyo ninayoiamini kwa mpingo, msaji na mbao nyingine zenye mafuta, na kwa kiungo chochote ambacho, baada ya juhudi zote, kimebaki na nafasi ndogo. Haina maji, kwa hiyo haisinyai kiasi cha kuonekana wala haivimbishi mbao, na inapokea rangi kuliko gundi nyingine yoyote. Ina masharti yake. Sehemu zake mbili zipimwe kwa uwiano ulioandikwa, bila kuongeza kigumishi kwa nia ya kuharakisha, kwa sababu ziada hubaki laini milele. Ichanganywe taratibu kwa dakika mbili au zaidi huku ukikwangua pembe za chombo. Ibanwe kidogo tu, kiasi cha mbao kugusana, maana ukiikaza kama gundi ya maji utaikamua yote itoke. Vaa glavu kila mara: mwili unaweza kuanza kuikataa ghafla baada ya kuigusa mara nyingi, na mzio huo ukishaingia hauondoki.

Gundi ya wanyama, inayochemshwa kutoka ngozi na mifupa, ina rangi ya kaharabu iliyokoza, na kwa sababu hiyo imekaa vizuri kwenye mkangazi na mjozi kwa karne nyingi. Sifa yake kubwa ni kwamba hufunguka kwa joto na unyevu, kwa hiyo ndiyo ya kutumia unapotengeneza samani za kale au ala za muziki zitakazohitaji kufunguliwa tena siku moja. Ile ya moto hutumika ikiwa na joto la nyuzi 60 hivi, na ikipita 70 huanza kuharibika. Kuna pia ya chupa isiyohitaji kuchemshwa, ambayo humpa fundi muda mrefu wa kupanga vipande. Zote mbili ziepushwe na mahali penye maji.

Kwa kazi ya kubandika tabaka jembamba za mbao, au kupinda mbao kwa kuzipanga tabaka juu ya tabaka, tafuta gundi ya unga ya urea-fomaldehaidi inayochanganywa na maji. Hukauka ikiwa ya kahawia na ngumu kabisa. Gundi nyeupe na ya manjano hubaki na ulaini kidogo, hivyo tabaka zilizopindwa huweza kuteleza polepole, na hata kwenye meza iliyong'arishwa kidole kitakuja kuhisi kingo kwenye mshono. Juu ya uso mweusi unaong'aa kingo hiyo huonekana mwanga ukija kwa upande. Unapochanganya unga huo, vaa barakoa na ufanyie kazi penye hewa.

Gundi ya poliurethani, ile inayofura povu, siipendekezi kwa kiungo kitakachotazamwa. Inashika vyema, ila povu lake limepauka, halina nguvu, na huingia kwenye vitundu. Supagluu ibaki kwa nyufa nyembamba na vipande vidogo vya urembo. Mvuke wake huweza kutua kandokando na kuacha ukungu mweupe, hasa hewa ikiwa na unyevu mwingi au ukitumia dawa ya kuikausha haraka, na juu ya mpingo ukungu huo ni dhahiri. Ipo pia supagluu nyeusi, inayofaa zaidi kwa kazi hizo ndogo.

Hatua ya 4: Tia rangi pale tu inapohitajika

Kama kiungo kikavu kilipita jaribio la taa, huenda huhitaji rangi kabisa. Ukiihitaji, chagua inayokoza kidogo kuliko ubao. Jicho husamehe mstari mweusi kidogo kwa kuudhani kuwa sehemu ya nyuzi, lakini halisamehi mweupe. Hata hivyo, usitie nyeusi tii isipokuwa kwenye mpingo au mbao zinazokaribia weusi wake. Kwenye mjozi wa kahawia itaonekana kama mstari uliochorwa kwa kalamu.

Kwa gundi nyeupe au ya manjano tumia rangi ya unga inayoyeyuka kwenye maji. Iyeyushe kwanza kwenye matone machache ya maji ya moto, iache ipoe, kisha itie kidogo kidogo huku ukikoroga. Kila tone la maji linaipunguzia gundi uzito na nguvu, kwa hiyo anza na rangi nzito ili utumie matone machache. Kwa epoksi ni kinyume: tumia unga mkavu usio na maji wala mafuta, kama masizi safi au rangi ya madini. Usizidishe takriban asilimia 5 ya uzito wa gundi, isipokuwa mtengenezaji ameeleza vingine. Changanya rangi na sehemu ya kwanza kabla ya kuongeza kigumishi, ili upate muda wa kutosha wa kuvunja madonge.

Vumbi la msasa la mti ule ule linafaa sana katika epoksi kwa kujaza ufa au tundu la fundo, ingawa hukoza likiloweshwa, kwa hiyo tarajia kiraka cheusi kuliko ubao. Lisitiwe kwenye gundi ya kiungo kinachobanwa, maana chembe zake hutenganisha mbao na kuzaa ule mstari mnene tunaoukimbia.

Jaribu kila mchanganyiko kwenye vipande viwili vya masalio, ubane, ukauke, upige msasa, kisha upake vanishi au mafuta utakayotumia. Rangi iliyo ndani ya kikombe haikwambii lolote. Baada ya kukauka, gonga kiungo hicho cha majaribio kwa patasi hadi kivunjike: kikivunjika kwenye mbao, mchanganyiko una nguvu, kikiachana kwenye gundi na kuacha nyuso safi, punguza rangi au badilisha gundi.

Hatua ya 5: Paka na ubane

Fanya mazoezi ya kubana bila gundi hadi ujue kila jiliwa linakaa wapi, kwa sababu gundi ya manjano hukupa dakika tano hadi kumi tu, na pungufu kwenye joto. Katika zoezi hilo hilo, bandika tepu ya karatasi pande zote mbili za mshono, sawa na kingo, kisha kata kwa wembe mahali mshono unapopita. Pembe za ndani, kama za droo, ni afadhali zipakwe vanishi kabla ya kugundishwa, huku nyuso za kiungo zikiachwa tupu, maana gundi haishiki juu ya vanishi lakini humenyeka juu yake kwa urahisi.

Paka utando sawa ambao rangi ya ubao bado inaonekana chini yake. Lita moja hutosha takriban mita 6 za mraba. Kwa mbao ngumu na zenye mafuta paka pande zote mbili. Vichwa vya mbao, ambako nyuzi zimekatwa, hunywa gundi na kukiacha kiungo kikiwa kikavu, kwa hiyo vipakwe mara mbili, mara ya kwanza kwa gundi nyepesi inayoachwa dakika chache. Hata hivyo usitegemee gundi peke yake hapo. Weka ulimi na tundu au vigingi.

Majiliwa yakae umbali wa sentimita 15 hadi 20, yakipishana juu na chini, na kati ya chuma na ubao weka vipande vya mbao vilivyofunikwa nailoni. Chuma kikigusa gundi yenye maji juu ya mbao zenye tanini (kemikali ya asili ya mti), kama mjozi, huacha doa la buluu iliyokoza linalozama ndani ya nyuzi. Kaza hadi vitone vidogo vya gundi vitokee mfululizo urefu wote wa mshono, kisha simama. Mahali pasipotoa kitone pana gundi kidogo mno, na mito inayotiririka ni dalili kwamba ulipaka kupita kiasi.

Hatua ya 6: Shughulikia gundi iliyotoka

Hapa ndipo kazi nyingi za mbao zilizokoza huharibikia. Usifute kwa kitambaa chenye maji kwenye mbao za vitundu vikubwa, kwa maana utaisukuma gundi nyepesi ndani ya vitundu. Iache dakika 20 hadi 40 igeuke kama mpira laini, isiyotiririka na isiyo ngumu, kisha ibandue kwa patasi iliyolazwa au kwa kikwaruzo, ukianzia kwenye kingo. Ikiwa sawa, itatoka kwa ukanda mrefu. Ikitoka kwa matope, bado ni mapema. Ndipo uvute tepu. Ikishakuwa ngumu kabisa, huweza kung'oa nyuzi pamoja nayo, na kwenye wenge huacha mashimo. Epoksi ifutwe mara moja kwa spiriti, bila kuiloweka.

Hatua ya 7: Subiri, kisha kagua

Majiliwa ya gundi ya manjano huweza kufunguliwa baada ya saa moja kama kiungo hakivutwi, ila nguvu kamili huja baada ya saa 24. Usipige randa mapema. Maji ya gundi huvimbisha mbao kandokando ya mshono, na ukisawazisha uvimbe huo kabla haujashuka, siku chache baadaye mshono utakuwa umezama na kuonekana kama mfereji chini ya vanishi. Siku mbili au tatu zinatosha kwa gundi za maji.

Kabla ya vanishi, lowesha uso wote kwa tapentaini na uutazame ukiwa na taa upande mmoja. Ubao hukoza rangi papo hapo, na mahali palipobaki gundi hubaki pamepauka. Piga mstari kwa chaki kuzunguka kila doa, acha tapentaini ikauke, kisha kwangua na upige msasa hapo kufuata nyuzi. Nukta zilizobaki ndani ya vitundu zitolewe kwa brashi ngumu iliyoloweshwa maji ya vuguvugu na siki kidogo, kama gundi ni ile nyeupe au ya manjano. Zikikataa, zipake kwa ncha ya brashi ndogo yenye rangi ya mbao iliyokoza baada ya tabaka la kwanza la vanishi, kisha uendelee na tabaka zinazofuata.